Bwana Tu Liyabeba na Kanisa Lisiloanza

Si zamani za kale, wala si mbali. Ni juzi tu, katika nchi ambayo jina lake haliandikwi hapa kwa sababu kuliandika kunahitaji kibali, na ofisi inayotoa vibali imefungwa ili ipakwe rangi. Wananchi wa nchi hiyo wana bahati kubwa. Wana Mlezi Mkuu mmoja, Walezi Wasaidizi arobaini na wanne, na Wizara ya Urithi, Itifaki na Mahema, ambayo hakuna nchi jirani iliyo nayo. Majirani wakitaka hema huenda kukodi, maskini.

Katika mji wa Mabakini wa nchi hiyo lilikuwapo kanisa la mawe, refu, lenye mnara na kengele, kongwe kuliko Wizara, kuliko bendera, na kuliko mipaka ya nchi yenyewe. Jambo hili la kuwa kongwe kuliko Wizara lilikuwa kosa la kwanza la kanisa hilo, ingawa wakati linajengwa halikujua.

Ufunguo wa kanisa alikuwa nao Bi Damari Mwasega, mjane wa miaka sitini na minne, mwenye sauti ya kuitia watoto ng'ambo ya mto. Kila asubuhi alifungua mlango, akafagia mavi ya popo, kisha akaenda kwenye pembe ya mnara na kutia mkono katika ufa. Siku ya Pasaka ufa ule uliingiza ukucha. Kufikia mavuno uliingiza kidole. Siku habari hizi zinapoanza uliingiza ngumi nzima, na Bi Damari hakuwa na mikono midogo.

Alimwita Fundi Elikana, mwashi wa siku nyingi ambaye baba yake na babu yake walikuwa waashi. Elikana aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena.

"Dada," alisema, "ukuta huu haudai makubwa. Magunia sitini ya chokaa, boriti arobaini za kuuegemeza, na miezi miwili ya jua. Saruji wasithubutu kuutia, itaunyonga. Kazi yangu sitaki malipo, wali wa mchana unanitosha. Ila masika yakitukuta hivi hivi, pembe inashuka, na pembe ikishuka mnara unafuata, na mnara hauanguki peke yake."

Mtu asiyeijua nchi ile atauliza: mbona watu wa Mabakini hawakuchoma chokaa yao wakaziba ufa wao? Wangeweza, na walitaka. Lakini miaka sita nyuma Wizara ilikuja na magari manne, ikachomeka mbele ya kanisa bango lililosema URITHI WA TAIFA, USIGUSE, ikala chakula cha mchana, ikaondoka. Mwaka uliofuata Elikana aliziba tundu la ukubwa wa sahani lililokuwa likiingiza nyoka madhabahuni. Alilala mahabusu siku tisa. Alipotoka alikuta tundu limerudishwa kama lilivyokuwa, kwa gharama ya serikali.

Basi Bi Damari alivaa viatu vyake vya ibada, akafunga safari kwenda makao makuu kuomba fedha katika Mfuko wa Kuokoa Majengo ya Kale.

*

Jengo la Wizara lilikuwa jipya na lilivuja. Karani wa mapokezi alimwambia aje kesho. Alipokuja kesho aliambiwa kwamba kesho iliyokusudiwa ilikuwa ile nyingine. Siku ya nne alikaa kwenye benchi, akatoa kiazi kitamu kwenye mkoba, akaanza kula taratibu mbele ya watu, na kwa kuwa harufu ya kiazi haikuwa katika utaratibu wa ofisi, aliitwa haraka.

"Huo Mfuko upo, mwanangu?" alimuuliza karani wakiwa njiani.

"Upo sana, mama."

"Una kitu ndani?"

"Una mwenyekiti, una katibu, na una gari," alijibu karani kwa fahari.

Walimpeleka kwa Bwana Lutengano Mandalu, Afisa Itifaki Mkuu. Huyu alikuwa mtu mwembamba aliyevaa suti nzito, na alisifika nchi nzima kwa kuweza kupanga viti mia tatu kwa cheo bila kutazama karatasi. Umri wake ulitosha awe mtoto wa Bi Damari, lakini hakumwamkia. Itifaki ilisema shikamoo huanzia kwa asiye na meza.

Bi Damari alieleza habari za ufa: ukucha, kidole, ngumi. Bwana Mandalu alisikiliza huku akitazama viatu vya Bi Damari. Kisha alifungua Fomu Namba Saba.

"Jina la mgeni rasmi aliyeweka jiwe la msingi?"

"Jiwe lipo, baba. Mgeni rasmi sidhani kama alikuwapo."

Kalamu ilisimama. Bwana Mandalu alimtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Mama, unaniambia watu walijenga jengo zima, na mnara juu yake, bila mgeni rasmi?"

"Walikuwa wachache, baba, na kazi ilikuwa nyingi."

Bwana Mandalu alisema suala hilo ni zito na atalazimika kuja mwenyewe kulikagua.

*

Alikuja baada ya majuma matano, ambayo kwa Wizara ni sawa na kuja mbio. Ufa ulikuwa umefika kiwiko. Bi Damari na Fundi Elikana walimngoja kwenye pembe, Elikana akiwa ameshika kamba ya kupimia, lakini Bwana Mandalu aliupita ufa kama mtu anavyompita mdai wake sokoni. Alikuwa akitafuta jiwe. Alilikuta chini kabisa ya pembe ile ile, jiwe kubwa la mtoni, limeubeba mnara wote mgongoni. Juu yake palichongwa maneno ambayo kila mtoto wa Mabakini alijifunzia kusoma. Mchongaji wa enzi hizo alikuwa na moyo mkubwa na herufi kubwa, ila jiwe lilimwishia njiani, akalazimika kushuka mstari:

MAWE HAYA TU
LIYABEBA

Bwana Mandalu alichuchumaa, akasoma, akasimama, akapangusa magoti.

"Huyu Liyabeba alikuwa nani?"

Bi Damari alidhani hakusikia vizuri. "Nani, baba?"

"Liyabeba. Tu Liyabeba. Mwenye mawe."

"Huyo si mtu," alisema Bi Damari. "Ni 'tuliyabeba'. Mawe haya tuliyabeba. Mchongaji aliishiwa nafasi."

"Nani aliyabeba?"

"Sisi."

"Wewe ulikuwapo?"

"Mimi sikuwapo. Alikuwapo bibi yangu mzaa mama, Rakeli, akiwa binti wa miaka kumi na miwili. Waliyatoa mto Nyangoli, kila nyumba mawe yake, wanaume kwa miti, wanawake kwa vichwa. Bibi alikufa akiwa na upara wa kata ya kutwikia, hapa katikati ya utosi."

"Kwa hiyo hukuwapo, halafu unasema 'sisi'."

"Sisi watu wa Mabakini."

Fundi Elikana aliingilia kati. "Mheshimiwa, tu ni sisi. Hata darasa la kwanza wanalijua hilo. Tunakula, tunalala, tuliyabeba."

Bwana Mandalu aliwahurumia. Aliinua Fomu Namba Saba waione wote wawili, akaweka kidole mahali pa mstari mtupu.

"Someni wenyewe. Fomu ina nafasi ya jina. Haina nafasi ya kitenzi."

Akaandika: *Aliyeweka jiwe: Bw. Tu Liyabeba. Cheo: hakijulikani. Kibali: hakuna.* Kisha akaondoka bila kuugusa ufa, kwa kuwa bango lilisema usiguse, na yeye alikuwa mtu wa kufuata mabango.

*

Wizara ilifanya kazi usiku na mchana kumtafuta Bwana Liyabeba. Barua ya kwanza ilimwomba afike ofisini na kitambulisho. Ya pili ilimwonya. Ya tatu ilimfungia asipate pasi ya kusafiria. Zote zilipelekwa Mabakini, zikabandikwa kwenye mlango wa kanisa, na Bwana Liyabeba hakujibu hata moja, jambo ambalo lilichukuliwa kuwa dharau. Wakati huo ufa ulimeza mkono wa Bi Damari mpaka begani, na alipouchungulia aliona mwanga wa upande wa pili.

Hatimaye Kamati ya Wizara, iliyokaa siku kumi na nne katika hoteli yenye bwawa la kuogelea ili ipate utulivu, ilitoa uamuzi. Jiwe lililowekwa na mtu asiye na cheo si jiwe la msingi. Jengo lisilo na jiwe la msingi halijaanza kujengwa. Kitu ambacho hakijaanza hakiwezi kuchakaa, na kitu kisichochakaa hakiwezi kukarabatiwa. Ombi la fedha lilirudishwa.

Uamuzi huo ulikuwa na matokeo yake, na Wizara haikuyakwepa. Mchungaji wa Mabakini aliarifiwa kuwa tangu siku hiyo yeye ni mchungaji mtarajiwa. Waliobatizwa humo walitakiwa kuvumilia. Na wote waliofunga ndoa katika kanisa lisiloanza walipelekewa barua za hadhi yao mpya. Bi Damari aliipokea yake akiwa anachambua mchele. Ilisema kwamba kati yake na marehemu Obadia Mwasega hakukuwa na ndoa, ila uchumba wa muda mrefu, wa miaka thelathini na minane, na Wizara ilimpa pole kwa kifo cha mchumba wake.

Aliisoma mara moja, akaiweka chini ya ungo. Alikuwa amezaa na Obadia watoto watano, amemwuguza miaka miwili, amemfumba macho kwa vidole vyake mwenyewe, na sasa mtu asiyejua tofauti ya jina na kitenzi alikuwa amemrudisha usichanani kwa mhuri. Alimwambia Elikana kwamba kama angekuwa mwanamume, na kama angekuwa na miaka ishirini, angekwenda makao makuu kwa miguu.

"Ukifika utaambiwa uje kesho," alisema Elikana.

Mwisho wa barua, kwa herufi ndogo, palikuwa na habari njema. Mlezi Msaidizi mwenyewe atakuja Mabakini kuweka jiwe la msingi, ili kanisa lianze, na likishaanza litaruhusiwa kuwa bovu, na likiwa bovu litaweza kupewa fedha. Siku ile atakuja na mchango wa kuanzia.

*

Lori lilifika siku kumi kabla. Bi Damari alisikia ngurumo yake akatoka mbio, na alipoona mzigo alikaa chini pale pale barabarani akalia kwa furaha. Magunia sitini ya chokaa. Boriti arobaini, zimenyooka, za mti mgumu. Mtu fulani kule juu alikuwa ameisoma barua yake hadi mwisho. Fundi Elikana alikunja suruali, akachimba shimo la kuivishia chokaa, akaita wenzake wawili, akaanza kuimba.

Bwana Mandalu alishuka kwenye gari lililofuata, akamwambia anyamaze.

Wale wanaoijua nchi ile wameshaelewa. Mgeni rasmi hawezi kupita kwenye barabara yenye mawe yasiyopakwa chokaa. Kutoka lami hadi kanisani ni maili mbili, na kila upande wa barabara ulipangwa mawe, na kila jiwe likapakwa jeupe. Yalipokwisha mawe walipaka miti hadi kiunoni. Ilipokwisha miti walipaka nguzo za nyua, mawe ya jikoni yaliyoonekana kwa nje, na mbuzi mmoja ambaye hakusogea kwa wakati. Boriti arobaini zilikwenda kujenga jukwaa, kwa maana Mlezi Msaidizi alitakiwa akae juu kuliko wote waliokuwa na cheo chini yake, na wote hao walikuwa wanakuja.

Siku ya tisa Bi Damari alimfuata Bwana Mandalu kwenye kivuli cha hema.

"Baba, gunia moja limebaki. Naona liko pale. Nipe hilo moja tuzibe pembe kabla mgeni hajafika."

"Mama," alisema Bwana Mandalu kwa upole wa mtu anayeeleza dawa, "chokaa hii ni ya mapokezi. Ukiitumia kwenye jengo itakuwa ni matumizi mabaya ya mali ya umma."

Gunia la mwisho walilipaka kwenye rundo la kokoto ambalo lori lilikuwa limelimwaga kando ya barabara kwa bahati mbaya. Ufa wenyewe ulifunikwa kwa kitambaa kikubwa chenye picha ya Mlezi Mkuu akitabasamu. Upepo ulipoingia kwa nyuma, shavu la Mlezi Mkuu lilivimba na kunywea.

*

Mheshimiwa Daktari Mhandisi Abisai Chongo, Mlezi Msaidizi wa Urithi, Itifaki na Mahema, alifika saa tisa alasiri katika shughuli iliyotangazwa saa nne asubuhi. Watu walikuwa wameketi nje, chini ya mahema, wakiumwa na njaa. Ndani ya kanisa hakuna aliyeruhusiwa kuingia, kwa sababu halikuwa limeanza. Sheria hiyo ya kipumbavu, ni lazima isemwe, iliokoa maisha ya watu mia nne.

Mheshimiwa alipanda jukwaani. Boriti hazikutikisika hata kidogo. Elikana alizitazama kwa uchungu.

"Ndugu wananchi wa Mabakini!" alisema Mheshimiwa. "Mabakini oyee!"

"Oyee," walisema wananchi.

"Nimepita barabarani nimeona maendeleo. Nimeona mawe meupe! Nikamwambia dereva wangu, dereva, punguza mwendo, hapa kuna watu. Ndugu zangu, kwa muda mrefu mmekuwa mkisali katika jengo ambalo halipo. Serikali yenu sikivu imeliona hilo. Serikali haiwezi kukaa kimya wakati wananchi wake wanasali mahali ambapo hapapo. Leo tunaanza! Wanaosema kanisa hili ni la kale ni watu wasioitakia nchi hii mema. Kanisa hili ni jipya kabisa. Lina umri wa," akatazama saa yake ya dhahabu, "linakaribia kuzaliwa!"

Mahema yalipiga makofi. Yaani watu waliokaa katika hema la viongozi.

"Mlezi Mkuu alitamani kuwa nanyi hapa. Ameshindwa kwa sababu ya majukumu. Lakini hakuniacha nije mikono mitupu. Kasema, Abisai, nenda Mabakini, na ukifika usisahau mchango wangu." Bi Damari alishika kiti cha mbele yake. "Mlezi Mkuu amenituma niwaletee salamu nyingi sana!"

Ngoma zililia. Katibu wa Mfuko aliandika kwamba mchango umepokelewa wote.

Kisha likaletwa jiwe jipya. Lilikuwa bamba la marumaru, jembamba kuliko kigae cha bafuni, lenye jina la Mheshimiwa na vyeo vyake katika mistari saba, na hakuna mstari hata mmoja uliokosa nafasi. Bwana Mandalu alitangaza kwa kipaza sauti kwamba kwa mujibu wa itifaki jengo moja halina mawe mawili ya msingi, na hivyo jiwe la Bwana Tu Liyabeba litaondolewa ili kupisha.

Fundi Elikana alipewa mtaimbo. Aliutupa chini.

"Mimi silitoi," alisema. "Nimezeeka, nifungeni tena siku tisa, nifungeni tisini. Hilo jiwe ndilo limeshika."

Bi Damari alikwisha kusimama. Alipita kati ya viti, akapita hema la viongozi, akafika chini ya jukwaa, na sauti ile ya kuitia watoto ng'ambo ya mto haikuhitaji kipaza sauti.

"Mheshimiwa, mimi ndiye niliyekuja kuomba. Sikuomba jukwaa. Sikuomba hema. Niliomba chokaa, na chokaa mmempaka mbuzi. Basi sitaki tena kitu. Chukueni salamu zenu mrudi nazo. Lakini jiwe hilo liacheni, nawapigia magoti. Bandikeni marumaru yenu popote, hata mlangoni, hata kwenye paji la uso wangu. Hilo limebeba mnara."

Mheshimiwa aliinama kumsikiliza Bwana Mandalu, aliyemnong'oneza kwamba huyu ni mchumba wa marehemu fulani.

"Mama yetu ana uchungu wa maendeleo," alisema Mheshimiwa kwenye kipaza sauti. "Mpigieni makofi!"

Walimpigia makofi. Vijana watatu wa Wizara, waliokuja na mitaimbo yao wenyewe, waliling'oa jiwe kwa dakika ishirini, wakalibiringisha kwenye nyasi. Mahali pake palibaki pango jeusi. Walilifunika kwa ubao, wakapaka saruji, wakabandika marumaru. Mheshimiwa alivuta kamba, pazia dogo likafunguka, na akatamka kwamba, kwa mamlaka aliyopewa, ujenzi wa kanisa la Mabakini umeanza rasmi.

Mtu asije akasema kuta za mawe hazina adabu. Ukuta ule ulisubiri wimbo wa taifa uishe. Ulisubiri Mheshimiwa apande gari, na magari kumi na saba yapite katikati ya mawe meupe. Vumbi la gari la mwisho lilipotulia, ulitoa sauti moja, kama mtu anayeketi baada ya kutwa nzima shambani. Pembe ikashuka. Mnara ukafuata, na mnara haukuanguka peke yake. Kengele ililia mara moja chini ya kifusi, kisha haikulia tena.

Vumbi lilipoondoka, kilichosimama kilikuwa kipande cha ukuta cha urefu wa mtu, chenye bamba la marumaru, safi, bila mkwaruzo.

Bi Damari hakulia. Alikuwa na hasira kiasi kwamba machozi hayakupata njia. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake, na alisimama nao pale mpaka Elikana alipomshika kiwiko.

*

Redio ilitoa ufafanuzi jioni ile ile. Hakuna kanisa lililoanguka Mabakini, ilisema. Kanisa la Mabakini lilianza saa kumi na moja kasorobo, na bado lipo kwenye hatua ya jiwe la msingi, ambalo liko imara. Vilivyoanguka ni vifaa vya ujenzi vilivyokuwa vimepangwa kwa wima. Vifaa hivyo ni mali ya serikali, na askari amewekwa.

Askari huyo alikuwa Koplo Yeremia, mwenyeji wa Mabakini, ambaye mama yake naye alikuwa amepata barua ya uchumba. Amri aliyopewa iliandikwa *linda jiwe*, kwa umoja, naye alikuwa askari mtiifu. Alileta kiti, akakiweka mbele ya marumaru, akaitazama marumaru. Mgongoni mwake kulikuwa na maelfu ya mawe ambayo hayakuwa katika amri.

Siku ya pili, mchana kweupe, Bi Damari alifika na kata kichwani. Alichagua jiwe, Elikana akamtwika, wakaondoka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akienda kusaga aliwaona, akashusha debe lake, akabeba jiwe. Hakuna aliyeitisha mkutano wala aliyetangaza. Waliokwenda sokoni walipitia pale, waliotoka sokoni walipitia pale. Walevi walibeba wakiyumba. Mchungaji mtarajiwa alibeba mpaka kola ikakatika. Mawe yalikwenda kwenye kiwanja cha Elikana, mahali pasipo na bango, penye tanuri lake la chokaa, na tanuri lilikuwa limewashwa.

Siku ya kumi na moja lilibaki lile la mwisho, lililolala kwenye nyasi maneno yakitazama juu. Lilibebwa na watu wanne kwa miti miwili, na ncha ya mti mmoja ilikuwa begani kwa Bi Damari. Alikataa kupokewa njia nzima. Kwenye kona ya pili alihisi utosi wake ukimwuma, mahali pale pale pa Bibi Rakeli, na hapo ndipo alipolia, bila kusimama.

Bwana Mandalu alikuja mwisho wa mwezi na faili. Alikuta nyasi, marumaru, na koplo akipiga saluti. Alifuata michirizi ya vumbi la mawe mpaka kiwanjani kwa Elikana, ambako ukuta ulikuwa umefika magotini. Jiwe la mtoni lilikuwa pembeni, chini kabisa, limerudi kazini.

"Nani amebeba mawe ya serikali?" aliuliza.

Bi Damari alikuwa akichanganya chokaa. Hakuinuka.

"Tumeyabeba," alisema.

Bwana Mandalu alifungua faili. Ile fomu haikuwa imebadilika. Mahali pa jina aliandika, kwa mwandiko mzuri: *Tu Meyabeba*. Kisha alirudisha kurasa nyuma, akakomea kwenye lile jina la zamani, macho yakamtoka.

"Ana undugu na yule Liyabeba?"

"Damu moja," alisema Bi Damari.

"Nitaleta amri. Mawe yote yarudishwe kule kwa lori. Mtafanya nini hapo?"

Bi Damari aliongeza maji kwenye chokaa. Alikuwa amechoka kumweleza mtu huyu lugha ya mama yake.

"Tutayabeba."

Kalamu ilikwaruza.

Tangazo lilitoka baada ya juma moja. Koplo Yeremia alilibandika kwenye ukuta mpya, uliofika kifuani, kwa kuwa hapakuwa na ukuta mwingine ulio imara katika mji. Lilisema wanatafutwa ndugu watatu wa ukoo mmoja. Tu Liyabeba, anayekadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka mia na ishirini. Tu Meyabeba, mdogo wake, mwenye nguvu zisizo za kawaida. Na Tu Tayabeba, asiye na picha, asiye na anwani, ambaye Wizara inamwona kuwa wa hatari kuliko wenzake kwa sababu bado hajafanya lolote.

Koplo aliuliza, kama alivyoamriwa, iwapo kuna mtu anayewafahamu. Bi Damari alilisoma tangazo mara mbili, akasema anawafahamu wote, akakunja mikono ya gauni, akainama kuchukua jiwe.